Somo: Jinsi kikundi cha wakulima Morogoro kinavyoweza kufaidika na mashirika yaliyo jirani

Habari za kazi, wakulima wenzangu. Morogoro tumebahatika. Ofisi ambazo wenzetu wa mikoa mingine huzifuata kwa basi ziko hapa hapa kwetu. Kinachoniuma ni kuona kikundi kinakwenda na ombi la "tusaidieni" bila kusema kinasumbuliwa na nini, kisha kinarudi na ahadi tupu.

Hatua ya 1: Tajeni tatizo moja. Andikeni zao, mahali na dalili. "Mahindi ya bondeni yanageuka njano kuanzia majani ya chini" ni jambo ambalo mtaalamu ana pa kuanzia. "Kilimo kimekuwa kigumu" halina jibu.

Hatua ya 2: Chagueni mlango. Kupima udongo, nendeni SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mafunzo ya kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia kemikali za viwandani, yanatolewa na SAT (Sustainable Agriculture Tanzania), shirika lililoanza 2011, lenye kituo cha mafunzo Vianzi. Mkitaka kuwa na sauti pamoja na wakulima wengine nchini, kuna MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima Tanzania, tangu 1993. Wanaotaka kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa (QDS), yaani mbegu bora ambazo wakulima wenyewe huzalisha kwa ajili ya kuuza, waanzie TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, maana bila ukaguzi wao hairuhusiwi kuuza.

Hatua ya 3: Nendeni na ushahidi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, hasa kwenye udongo. Tembeeni shambani kwa mtindo wa zigizaga, mkichukua udongo sehemu kumi hadi kumi na tano. Ondoeni majani ya juu, chimbeni hadi sentimita 20, mchote kipande chembamba kutoka juu hadi chini. Changanyeni kwenye ndoo safi ya plastiki, mbakize kama nusu kilo, muianike kivulini. Msitumie kamwe mfuko uliokuwa na mbolea, majibu yatawadanganya. Sehemu ya kichuguu au palipokuwa zizi, rukeni.

Hatua ya 4: Barua. Iwe ukurasa mmoja, pamoja na nakala ya usajili wa kikundi. Tumeni watu wawili, na mmoja awe mama anayelima shamba hilo mwenyewe. Maswali ya mtaalamu yeye ndiye atayajibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mvomero): Mkuu, tunalima mboga bila sumu lakini sokoni bei ni ile ile. Cheti ni ghali.

Jibu: Ulizeni TOAM, shirika la kuendeleza kilimo hai Tanzania, kuhusu uthibitisho shirikishi. Wakulima mnakaguana wenyewe kwa kanuni zilizokubaliwa, na mkikidhi vigezo mnaweza kutumia alama ya Kilimohai, inayomwonyesha mnunuzi kuwa zao ni la kilimo hai. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuita mkaguzi wa nje. Ila mwenzenu akipiga sumu kwa siri, semeni, msimfiche.

Swali (Kilosa): Chupa tupu za viuatilifu tuzichome?

Jibu: Hapana, dada. Moshi wake ni sumu. Suuzeni mara tatu, maji hayo yarudi kwenye bomba la kupulizia, siyo mtoni. Toboeni chupa isije ikawekewa mafuta ya kula, fungieni mbali na watoto, kisha mwoneni afisa ugani awaelekeze pa kuzipeleka. Msimamizi wa viuatilifu nchini ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Swali (Gairo): Na mtaji je? Haya mashirika yanatoa?

Jibu: Msiende huko kwa ajili ya pesa, nendeni kwa ujuzi. Kwa mkopo, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba.