Unga risiva ya bei poa ya kunasa FT8 hapa Dar

Wakuu, kunasa signali za dijitali hakuhitaji redio ya mamilioni. Hii ni risiva ya bendi ya mita 20 ya kuunga mwenyewe, inasikiliza 14.074 MHz. FT8, njia ya dijitali ya kutumiana ujumbe mfupi wanayoitumia wapenzi wa redio, waliitoa Joe Taylor na Steve Franke mwaka 2017, na utamu wake ni kwamba programu ya laptopu (WSJT-X) inachimbua signali zilizozama kabisa chini ya kelele, kwahiyo saketi inaweza kuwa ya kawaida tu, ila masafa yasihame na saa iwe sahihi, hapo hakuna mjadala.

LM386 (chipu ya kukuza sauti), rezista na makapasita zunguka Kariakoo maduka ya spea za elektroniki. SA612 (chipu ya kuchanganya masafa), Si5351 (chipu ya kutengeneza masafa) na toroidi ya T50-6 (pete ya kuzungushia waya, ile ya njano) mara nyingi ni za kuagiza mtandaoni.

1. Kichujio. Zungusha waya mara 18 kwenye toroidi, unganisha sambamba na kapasita ya 68 pF na trima (kapasita ya kurekebishwa) ya 50 pF. Juu yake zungusha mara 3 za antena. Watu wanaruka hii hatua halafu stesheni kubwa za redio zinaingia humohumo, tafadhali usiiruke.

2. SA612. Signali kutoka kwenye kichujio inaingia pini 1 kupitia 10 nF, pini 2 ishushe graundi kwa 100 nF. Pini 8 ipe volti 5 kutoka 78L05 (chipu ya kushusha volti), ukiichomeka moja kwa moja kwenye betri ya volti 9 umeipitiliza, mwisho wake ni 8.

3. Si5351 inaongozwa na Arduino Nano (bodi ndogo ya kuprogramu), iweke 14.074 MHz. Inatoa volti kama 3, nyingi mno, pitisha kwenye rezista ya 1k na ya ohm 100 kwenda graundi, hapo katikati toa 1 nF uende pini 6.

4. Pini 4 ya SA612 weka 22 nF graundi, halafu 1 µF, potenshometa ya 10k, LM386, mpaka tundu la maiki la laptopu. Anza na sauti chini.

5. Antena ni waya wa kawaida wa umeme, mita 5.08 kila upande. Laptopu itumie betri yake, chaja zinapiga kelele sana, umeme ukikatika mtaani ndio utajua tofauti.

6. Fungua WSJT-X, gridi (msimbo wa eneo ulipo) andika KI93, sauti kwenye programu ikae karibu dB 30 bila signali. Ukiona mistari inashuka kwenye skrini lakini maandishi hayatoki, rekebisha saa ya laptopu kwanza, maana kila zamu ni sekunde 15 na ukipishana kwa sekunde kadhaa tu haisomi kitu.