Kuku na joto la kaskazi: lisha alfajiri, mchana waachie upepo

Kuanzia Disemba mpaka Machi, msimu wa kaskazi, kuku wangu wa mayai hapa Wete, Pemba, nawaangalia kwa jicho jengine. Kuku hatoki jasho. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41, na likimzidi hana njia kubwa ila kutweta: mdomo wazi, koo linapwita, mbawa kaziachia mbali na ubavu. Ukiyaona hayo saa 5 asubuhi, usingoje mchana.

Kwetu visiwani jua huja pamoja na unyevu, na hapo ndipo penye kazi. Kutweta hupoza mwili pale tu hewa inapopokea mvuke. Kwa hiyo sikubali kabisa kumwaga maji ndani ya banda lisilopita upepo. Mvuke unazidi, maranda yanarowa, na harufu kali inapanda. Maji mwagia juu ya bati. Bora zaidi, lifunike makuti. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, ziwe za waya, jua la asubuhi na la jioni lisiingie. Kivuli cha migomba ni kizuri upande wa magharibi, lakini usiiache ikaziba upepo. Na msimu huu punguza idadi ya kuku bandani.

Sasa chakula. Kuku akila, tumbo linaposaga mwili unazidi moto, na moto huo hupanda saa chache baada ya kula. Anayejaza vyombo saa 4 asubuhi anamwongezea kuku joto saa 8 mchana, jua likiwa kali. Mimi nalisha saa 11 alfajiri, saa 3 asubuhi naondoa vyombo, nawarudishia saa 11 jioni jua likipoa. Taa naiacha mpaka saa 3 usiku wale kwa utulivu. Mlo wa jioni ndio wa kutilia chokaa ya chakula au maganda ya chaza yaliyopondwa, maana gamba la yai hujengwa zaidi usiku. Hata hivyo, kuku anayetweta sana hupoteza hewa ya ukaa (kaboni dayoksaidi) ambayo damu inaihitaji kujenga gamba, kwa hiyo mayai yakianza kupasuka kwenye trei, tazama joto kabla hujaongeza chokaa.

Maji yasikatike hata kidogo. Tangi jeusi na mpira uliolala juani hutoa maji ya moto, na kuku huyakataa. Yaliyomo kwenye mpira yamwage kwanza, weka vyombo kivulini, badilisha adhuhuri. Vitamini C, miligramu 200 hadi 250 kwa kilo ya chakula, inasaidia, na chumvichumvi (elektroliti) za maduka ya dawa za mifugo nazo pia. Zianze asubuhi, kabla joto halijapanda.

Akianguka mmoja, mpeleke kivulini penye upepo, mtie miguu kwenye maji baridi ya kawaida, mloweshe kishungi na ndevu. Usimlazimishe kunywa, atapaliwa. Chanjo, kuhamisha na kukamata kuku, yote hayo yafanye kabla ya saa 2 asubuhi.