Namna ya Kupinga Ujenzi wa Makazi Yanayosongamana Kwenye Ardhi Oevu ya Ufuko wa Ziwa Tanganyika

Pingamizi la aina hii hufanikiwa kabla viwanja havijapimwa na kuuzwa, kwa sababu mawe ya mipaka yakishachimbiwa na watu wakishalipa fedha zao, wanunuzi hao, ambao nao watakuja kuathirika, hugeuka kuwa watetezi wakubwa wa mradi. Kwa hiyo mkazi wa Kigoma anayeona malori yakimwaga kifusi juu ya matete na mafunjo, au wapima ardhi wakipita mahali ambapo maji hutuama kila masika, afike mapema ofisi ya mtendaji wa mtaa kuuliza ni nani anayejenga, kwa kibali gani, na kwa mchoro upi wa mipangomiji. Ombi la nakala liandikwe, kwa kuwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 30. Barua yako ibaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi.

Sheria mbili ndizo msingi wa hoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari au ziwa na kingo za mto, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 7, inazihesabu ardhi oevu pamoja na ukanda huo wa mita 60 miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Hata hivyo, usiridhike na kutaja mita 60 pekee. Uliza zimepimwa kuanzia wapi na mwezi gani, kwa sababu ziwa hufikia kimo cha juu karibu na Aprili na Mei, na hushuka mwishoni mwa kiangazi. Aliyepima Oktoba atapata mstari tofauti kabisa.

Hapa ndipo ushahidi wa wenyeji unapokuwa na uzito kuliko maneno ya jumla kuhusu mazingira. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, ulioko upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa mvuke. Ndiyo maana linapopanda, kama lilivyopanda kuanzia mwaka 2020, halirudi kwa wiki chache. Kumbukumbu ya mmisionari David Livingstone pale Ujiji, ambako alikutana na mwandishi wa habari Henry Stanley mwaka 1871, leo iko mbali na ufuko, ingawa zama hizo maji yalikuwa karibu nayo. Ziwa limewahi kufika huko, na anayepanga makazi ya vizazi vijavyo hana haki ya kulisahau jambo hilo. Piga picha zenye tarehe wakati wa mvua, weka alama za maji kwenye kuta na miti, na uandike maelezo ya wazee na wavuvi. Onyesha pia kwamba vyoo vya shimo vinavyosongamana mahali ambapo maji ya chini yako karibu na uso wa ardhi huchafua visima, na kwamba mafunjo yakiondolewa, udongo wa milimani hushuka moja kwa moja hadi kwenye mazalia ya samaki.

Ushahidi huo upelekwe kwenye mkutano mkuu wa mtaa, na hoja iingie kwenye muhtasari uliosainiwa. Lalamiko la mtu mmoja hupuuzwa kwa urahisi, lakini azimio la mtaa humpa diwani la kusimamia katika baraza la manispaa. Nakala ziende kwa afisa mipangomiji, afisa mazingira, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Kwa NEMC uliza mahususi kama mradi una cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira. Ikiwa tathmini bado inaendelea, omba wananchi wasikilizwe, kisha wasilisha maoni kwa maandishi.

Usipinge nyumba zenyewe. Watu wa Kigoma wanahitaji pa kuishi, na vijana wanaotafuta kiwanja cha bei nafuu si maadui wa ziwa. Barua yenye nguvu hutaja eneo mbadala lililoinuka, ambako maji ya ziwa hayafiki, ambalo barabara na bomba vinaweza kufika, na huomba ardhi oevu iwekwe kwenye mpango wa mji kama eneo la wazi lililohifadhiwa, ili mradi kama huo usirudi kwa jina jingine.

Mahakama iwe hatua ya mwisho, pamoja na mwanasheria au msaidizi wa kisheria, kwani kuishtaki serikali au halmashauri hutanguliwa na notisi ya siku 90. Kwa kuwa kifusi hakisubiri siku hizo, iombe NEMC kwa barua itoe amri ya kusimamisha kazi.