Kuandaa usiku wa santuri wa Saba Saba, Kisumu

Hakikisha tarehe kwanza. Saba Saba ya Kenya ni maandamano ya kudai vyama vingi, 7 Julai 1990. Ya Tanzania ni kuzaliwa kwa chama cha TANU, 7 Julai 1954. Ukiandika jina tupu bila mwaka, mgeni wa kutoka Mwanza atakuja akitarajia mengine. Ngoma ya Gidi Gidi Maji Maji, "Unbwogable", ni ya 2002, kwa hivyo ipigwe mwisho, hata vijana wa Kondele wakiidai mapema.

Kazi hasa iko kwenye santuri. Zile ndogo za muziki wa benga huzunguka mara 45 kwa dakika, na zenye tundu pana zinahitaji kipete cha plastiki kilichokaa katikati sawasawa. Kikienda upande, gitaa litasikika kama limelewa. Osha kwa maji ya betri (si asidi!) nusu lita na tone moja la sabuni ya vyombo, ukifuta kwa kitambaa laini kufuata mifereji. Lebo isilowe: wino ukichuja, nambari ya toleo imekwenda.

Sindano ikiruka, usiibandike sarafu ya bob kumi juu. Uzito huo hula mifereji. Safisha ncha, kisha sawazisha mkono unaoshika sindano.