Kupiga singeli laivu na bendi: nani ashike mwendo?

Kiongozi wa bendi akinijia anataka kupiga singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini Dar es Salaam, jukwaani, namuuliza kwanza: mwendo utakuwa mikononi mwa nani? Akijibu "mpiga dramu," namwomba aketi tuongee.

Singeli hukimbia kati ya biti 200 na 300 kwa dakika. Kwa 240, kila biti ina robo sekunde, na vipande vidogo vinavyojaza katikati vina takriban sekunde 0.06 kila kimoja. Wapo wapiga dramu wa kuimudu kasi hiyo kwa wimbo mmoja. Kwa dakika arobaini mfululizo, jasho linachuruzika na MC, yaani mwimbaji wa singeli, anarefusha kila kibwagizo, mkono utachoka. Ukichoka mwendo unashuka, na wachezaji wataligundua hilo kabla yako.

Msimamo wangu basi ni huu: mashine ishike mwendo, na binadamu wapige yale yanayohitaji masikio na macho. Laptopu haimsikii MC anapovuta pumzi ya kuanza shairi jipya. Haioni duara la wachezaji likifunguka mbele ya jukwaa. Bendi inayaona yote hayo, kwa hiyo bendi ipewe kazi ya kuamua, na mashine ipewe kazi ya kukimbia.

Mimi ni mpiga kinanda, na nilianzia taarab ya kisasa. Huko nilijifunza kumsubiri mwimbaji anapotunzwa: watu wanapanda na noti zao, wanacheza, wanarudi, wengine wanapanda, nawe unazungusha palepale bila kuonyesha kuchoka mpaka yeye mwenyewe aamue kuendelea. Singeli inahitaji tabia hiyohiyo, ila kwa kasi maradufu.

Wapo wanaosema singeli na bendi haviendani kwa sababu singeli ni muziki wa kompyuta. Siwaelewi. Kabla ya vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati kuanza kukata vipande vya taarab kwenye kompyuta na kuvipandisha kasi, mitaa hiyohiyo ilikuwa na mchiriku: kinanda kidogo cha Casio kinachopita kwenye spika zinazokwaruza, ngoma, na kigoda kinachotandikwa vijiti. Mchiriku ulikuwa muziki wa umeme na ulikuwa bendi. Mwaka 2017 mkusanyiko wa Sounds of Sisso ulipotoka kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, singeli ya studio za uswahilini ilianza kusikika Ulaya, na watu wakaizoea kwa sura ya kijana mmoja na laptopu. Sura hiyo ni nzuri, lakini haifungi mlango kwa wengine. Tena lipo jukwaa kama tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 kule Unguja, ambalo linataka muziki upigwe laivu kweli. Ukitaka kupanda pale na singeli yako, utahitaji watu.

Ivunje biti yako

Usiende jukwaani na wimbo mzima uliokamilika kama faili moja. Ukifanya hivyo bendi inakuwa mapambo, na MC anakuwa mfungwa wa faili. Rudi studio, au mwombe aliyekutengenezea biti, utoe vipande vinne peke yake: kiki (mdundo mzito wa chini), ngoma ndogo na makofi, sauti za kinanda, na sampo (kipande kilichokatwa kwenye wimbo wa zamani). Viweke kwenye programu inayoruhusu kuzungusha vipande na kuvibadilisha papo hapo. Mimi natumia Ableton Live jukwaani hata kama biti ilitengenezwa kwa FL Studio.

Weka programu ibadilishe kipande mwanzoni mwa mzunguko tu, si wakati wowote kidole kinapogusa. Kwa 240, mzunguko wa biti nne unachukua sekunde moja kamili. Ukipanga mabadiliko yatokee kila baada ya mizunguko minane, mnasubiri sekunde zisizozidi nane toka ishara hadi kipande kipya. Muda huo unatosha MC kuinua ngumi, mimi kubonyeza, na mpiga gitaa la besi kujiandaa. Tumekubaliana ishara tatu: ngumi juu ni kukata, kidole kinachozunguka ni kurudia, kiganja chini ni kubakiza ngoma peke yake. Msiongeze nyingine. Watu hawakumbuki ishara tano kwenye moshi na taa.

Halafu amua nani anapiga nini, na hapa ndipo bendi nyingi hupotea. Kila mtu anataka kukimbia na mashine. Wape nusu ya kasi. Mpiga dramu apige kana kwamba wimbo uko kwenye 120, kiki yake ikiangukia juu ya kiki ya mashine mara moja kila biti mbili. Atakuwa na nguvu, atakuwa na nafasi ya kupamba, na kwa masikio ya mtazamaji vitu viwili vinatembea kwa pamoja, kimoja kinakimbia na kingine kinatingisha mabega. Wapiga ngoma waliokulia kwenye mdundiko, ngoma ya asili ya Wazaramo, hawahitaji kufundishwa hili: mmoja anashika, mwingine anachombeza, na hakuna anayemwingilia mwenzake. Ukimpata mmoja wa hao, mwache apange ngoma zote.

Mpiga fidla wetu ni mzee aliyekulia kwenye taarab ya zamani. Sikumpelekea kasi. Nilimpa shikamoo, nikamwekea biti ya 240 kwa sauti ndogo, nikamwomba ahesabu moja tu kila biti nne, yaani 60 kwa dakika, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Akafumba macho, akavuta uta mrefu juu ya vurugu ile yote. Mpaka leo hicho ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote katika onyesho letu. Fidla, udi, filimbi, sauti ya mwanamke inayovutwa: vyote vinakaa vizuri kwenye 60, na singeli inapata kina ambacho laptopu peke yake haikipi.

Sampo na kii

Hili lisipofanyiwa hesabu litawagombanisha. Sampo ya taarab ikipandishwa kasi bila kufunga kii, yaani ile sauti ya msingi ambayo wimbo unaiegemea, sauti nayo inapanda. Kila asilimia 6 hivi ya kasi ni nusu sauti moja, yaani hatua ya kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata. Wimbo wa kii ya C uliokuwa kwenye 120 ukiupeleka 180, yaani mara moja na nusu, unatokea G. Ukiupeleka 240 unarudi C, oktava moja juu. Lakini ukiupeleka 210 unaangukia kati ya A na B flati, mahali ambapo kinanda hakina kitufe na mpiga gitaa atakuapia kwamba ameshatyuni. Mpiga kanuni, ile ala ya taarab yenye nyuzi zaidi ya sabini za kukaza, hutamrudisha mazoezini.

Dawa ni kusogeza kasi kidogo. 210 hiyo ifanye 214, sampo inakaa kwenye B flati safi, na hakuna mchezaji duniani atakayelalamikia biti nne za ziada. Fanya hivyo kwa kila wimbo kabla bendi haijaguswa, uandike kasi na kii kwenye karatasi moja ya kila mtu. Unaweza pia kufunga kii ndani ya programu, ila sauti ile nyembamba iliyopaa ni sehemu ya ladha ya singeli, na mimi naiona hasara kuipoteza.

Njia bora zaidi ni kuitoa sampo kabisa na kuipiga wenyewe. Mkimpata mpiga kanuni au udi, hata mwanafunzi wa chuo cha muziki Unguja, mpigieni simu kabla ya kutafuta faili. Mtaachana pia na wasiwasi wa haki za mwenye wimbo, ambaye mara nyingi ni mtu mzima anayeishi mtaa wa pili na hajawahi kupata hata senti kwa sauti yake inayopigwa kila kigodoro, sherehe ya usiku ya mtaani.

Masikio

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Mpiga dramu aliyekaa mita kumi kutoka kwenye spika anaisikia mashine ikiwa imechelewa sekunde 0.03, karibu nusu ya kile kipande kidogo cha biti tulichokitaja mwanzo. Kwenye rumba hakuna atakayegundua. Kwenye 240 bendi nzima inavutana. Kwa hiyo wanaoshika mdundo, yaani dramu, ngoma na besi, ni lazima waisikie mashine masikioni moja kwa moja. Hedifoni za kawaida za waya zinatosha, pamoja na kigawanyo cha bei nafuu. Epuka zisizo na waya za simu: zinachelewa kuliko hiyo spika ya mbali.

Kama kadi yako ya sauti ina matundu mawili tu ya kutolea, usihangaike na stereo. Muziki wote utoke kushoto kwenda kwa fundi mitambo, mlio wa kuhesabu utoke kulia kwenda masikioni mwa bendi. Spika za mtaani hupigwa sauti moja pande zote, hakuna atakayekosa kitu. Ukiwa na manne, mpe fundi kiki peke yake kwenye tundu lake, atakushukuru. Kwenye laptopu, zima intaneti na jumbe zote, na ujaribu bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa) ya sampuli 128. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni chini ya sekunde 0.003. Ikianza kukwaruza, panda 256 uache hapo.

Besi inahitaji neno lake. Waya mnene wa gitaa la besi, ukiwa wazi, unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Ndani ya robo sekunde unapata mitetemo kumi tu kabla kiki nyingine haijafika, kwa hiyo mpiga besi anayefuata kila biti kule chini anatoa ngurumo isiyo na umbo. Chini kabisa achia kiki ya mashine. Mpiga besi apande juu kidogo, apige noti moja ndefu kila biti nne, na nafasi ya kuonyesha ufundi aitafute pale mashine inapokatwa.

Kukata

Hapa ndipo bendi inapolipa gharama yake. MC anainua ngumi, mashine inanyamaza, wanabaki ngoma, kofi na sauti yake, na watu wanaitikia. Siri yake ni moja: usiisimamishe mashine. Punguza sauti yake hadi sifuri kwa kitufe kimoja, lakini iache iendelee kukimbia kimyakimya, na mlio wa kuhesabu uendelee masikioni. Ngoma itabaki kwenye mwendo uleule, na ukifungua sauti tena mashine inatua juu ya mkono wa mpiga ngoma bila mtu kujua ilikuwa wapi. Ukiisimamisha na kuianzisha upya, utaiwasha kwa kukisia, na kwa kasi hii kukisia hakufanyi kazi.

Mazoezini anzeni na 160, sauti ndogo, bila MC. Pandeni kumi kumi. Msipande kama kuna mtu anayekaza taya. Mwili uliokakamaa kwenye 180 hautafika 240. Rekodini kwa simu iliyowekwa mbali, msikilize kesho yake na si usiku uleule. MC aje mwisho, bendi ikiwa tayari inaweza kuzungusha kipande kimoja dakika tano bila kutazamana kwa hofu. Anapokuja, asiimbe mashairi aliyoyakariri tu. Mwache atunge, achelewe, arudie, awataje watu waliomo chumbani, ili wapigaji wazoee kumfuata.

Na umeme. Laptopu yenye chaji na kadi ya sauti inayokula umeme wa laptopu vitaendelea kuwaka umeme ukikatika, spika zitakufa. Pangeni mapema kitakachotokea: mpiga dramu anapunguza nguvu, wapiga ngoma wanasogea mbele ya jukwaa, MC anaimbisha watu bila maiki, na wenye hedifoni wanaendelea kuhesabu. Fundi mitambo ashushe sauti ya mikisa yote kabla jenereta haijawashwa, kwa sababu mshindo wa umeme unaporudi unaweza kupasua spika. Akishawasha, anakupa dole, unasubiri mwanzo wa mzunguko, unafungua kiki kwanza, kisha mengine. Lifanyieni zoezi hili angalau mara moja kwa kuzima swichi ya ukutani bila kumwambia mtu.