Mayai kumi kwenye beseni: hesabu ya uwezekano bila kurudisha

Nafundisha hesabu jioni hapa Kondele, Kisumu, na swali linalowasumbua wanafunzi wangu kuliko mengine ni la kuchukua vitu viwili bila kurudisha. Siku hizi nalifundisha kwa mayai, kwa sababu yai ukishalipasua halirudi.

Tuseme muuza mayai amechanganya bila kujua. Beseni lina mayai 10: 6 yamechemshwa, 4 ni mabichi, na kwa macho hayatofautiani. Mteja anachukua moja, kisha lingine. Kuna uwezekano gani yote mawili yawe yamechemshwa?

Hatua ya 1: Yai la kwanza. Yaliyochemshwa ni 6 kati ya 10, basi andika 6/10.

Hatua ya 2: Usiandike kitu bado. Chora beseni, kata yai moja lililochemshwa, kisha hesabu upya. Yamebaki 9, na yaliyochemshwa ni 5. Hiyo ni 5/9. Anayeandika 6/10 tena amelirudisha kwenye beseni yai ambalo mteja ameshalitia kachumbari.

Hatua ya 3: Zidisha. 6/10 × 5/9 = 30/90, yaani 1/3.

Hatua ya 4: Sasa tafuta uwezekano wa kupata moja lililochemshwa na moja bichi. Hapa nakaa na wanafunzi muda mrefu. Anza na lililochemshwa: 6/10. La pili liwe bichi. Namba ya chini inashuka hadi 9, lakini mabichi yangali 4, hakuna aliyeyagusa, kwa hivyo ni 4/9. Wengi huandika 3/9 kwa kuwa wamekariri kwamba juu na chini hupungua moja moja. Namba ya juu hupungua tu ikiwa yai lililotoka ni la aina hiyo hiyo. Kwa hiyo 6/10 × 4/9 = 24/90.

Bado hujamaliza. Bichi lingeweza kutangulia: 4/10 × 6/9 = 24/90. Jumlisha njia zote mbili upate 48/90, sawa na 8/15.

Hatua ya 5: Kagua. Yote mawili mabichi ni 4/10 × 3/9 = 12/90. Ukijumlisha 30, 48 na 12 unapata 90. Ikikosa kufika 90, kuna tawi umelisahau kwenye mchoro wako wa mti, ule unaochora kila njia kama tawi.

Ukiulizwa "angalau moja liwe bichi", usizunguke, toa tu uwezekano wa yote mawili kuwa yamechemshwa: 1 − 1/3 = 2/3.

Binti mmoja aliniuliza kama tofauti kati ya kurudisha na kutorudisha ina maana beseni likiwa kubwa. Swali zuri sana. Chukua yote mawili yawe yamechemshwa: kwa mayai 10, ukirudisha unapata 0.36, usiporudisha 0.333. Kwa mayai 1,000 yenye 600 yaliyochemshwa, usiporudisha unapata takriban 0.3598; karibu sawa na 0.36.

Jaribu mwenyewe mayai matatu, yote yawe yamechemshwa. Sehemu ya tatu ni 4/8, na jibu linatoka 1/6.