SOMO: Jinsi ya kusoma ujamaa wa wanyama kwa mifupa ya jikoni

Haya jamani, lile swali la "nyinyi watu wa sayansi mwajuaje popo ni jamaa wa mbuzi na si wa kunguru, kwani mulikuwepo?" leo tulimalize. Hakuna aliyekuwepo. Mifupa ndo husomwa, na hata wewe waweza, vitu vyenyewe viko sokoni hapa hapa Mombasa. Wale wa fomu foo muko kwa topiki ya mageuzi kaeni mbele.

HATUA YA 1: Vitu
Bawa zima la kuku, mguu wa mbele wa mbuzi kutoka bega mpaka kwato (mwambie muuza nyama asiukatekate, atakuangalia vibaya lakini atakupa), na changu au tasi mmoja mzima. Chemsha moto mdogo mpaka nyama iachie yenyewe, nyama mle, mifupa osha kwa sabuni uanike. Kila mnyama na karatasi yake, ukishachanganya umeharibu.

HATUA YA 2: Panga kutoka bega kwenda chini
Anza na kuku. Kipande cha juu kina mfupa mmoja. Kile cha kati ambacho watoto hugombania kina miwili, mmoja mnene mmoja mwembamba. Halafu ile ncha wengi humtupia paka, usiitupe, hiyo ndo kiganja na vidole vyenyewe, vidole vitatu, kimoja kidogo kimejitenga pembeni. Sasa shika mkono wako mwenyewe: begani mmoja, chini ya kisukusuku miwili, vijifupa vya kifundo, kiganja, vidole. Mpango ni ule ule.

Njoo kwa mbuzi sasa, hapa ndo patamu. Lile watu waliitalo goti la mbele si goti, ni kifundo cha mkono, manake ukihesabu kutoka bega utapata mfupa mmoja, kisha miwili iliyogandana, kisha vijifupa vidogo vidogo, na hivyo vijifupa ndo viko hapo kwa "goti". Mfupa mrefu unaofuata chini yake ni wa kiganja. Uugeuze uangalie mwisho wake wa chini, umegawanyika vichwa viwili, kila kidole na kichwa chake, kwa sababu hiyo ni mifupa miwili ya kiganja iliyoungana ikawa mmoja. Kwato ni kucha. Yaani mbuzi atembea kwa ncha za vidole viwili, cha tatu na cha nne, maisha yake yote.

Ukija kwa pezi la changu huo mpango wa mmoja-miwili-vingi hauuoni, ni vijifupa vifupi halafu miba myembamba inaanza. Weka pembeni, tutarudi kwake.

HATUA YA 3: Uliza mfupa uko wapi, usiulize wafanya kazi gani
Richard Owen, mtaalamu wa mifupa wa Uingereza, alilitenganisha hili vizuri mwaka 1843: kuna viungo vinavyolingana kwa mahali na mpango hata kama kazi ni tofauti (homolojia), na kuna vinavyofanana kwa kazi tu (analojia). Mfano wetu wa baharini ni papa na pomboo. Ukiwaona kwa mbali wote wana pezi la mgongoni na mwili mwembamba wa kukata maji. Lakini mkia wa papa umesimama, wapiga kushoto na kulia, wa pomboo umelala, wapiga juu na chini. Ndani ya pezi la ubavuni la pomboo kuna ule ule mfupa mmoja, miwili, vijifupa, halafu vidole vyenye pingili nyingi kushinda zako. Papa naye hana mfupa hata mmoja, kiunzi chake chote ni gegedu, kile kitu kigumu-laini kama cha sikio lako.

HATUA YA 4: Usihesabu vya zamani
Hapa ndo wanafunzi wengi huangukia, hata waliofika chuo. Mjusi kafiri hapo ukutani ana vidole vitano. Wewe vitano. Mbuzi viwili. Je wewe na mjusi mko karibu kuliko wewe na mbuzi? Hapana, kwa sababu vitano ni urithi wa babu wa mbali wa wote watatu, mbuzi ndo kavipunguza baadaye. Ni sawa na watu wawili kuwa na jina moja la ukoo, haliwezi kukwambia nani na nani ni ndugu toka nitoke. Kinachohesabika ni kitu kipya ambacho hao wanacho na wengine hawana: wewe na mbuzi mna nywele, maziwa, na vijifupa vitatu ndani ya sikio, mjusi anacho kimoja tu. Mwanasayansi Mjerumani Willi Hennig ndo aliyeliweka hili kama kanuni kwa kitabu chake cha 1950, na mimi naona bila hii hatua zengine zote ni kupoteza wakati.

HATUA YA 5: Jedwali, halafu mti
Chora safu za papa, changu, mjusi, kuku, popo, mbuzi. Papa awe mgeni wa nje wa kulinganisha naye. Weka alama: mifupa badala ya gegedu, miguu minne (bawa nalo ni mguu wa mbele), yai lenye utando wa ndani (ule unaomzunguka mtoto, hata akilelewa tumboni kama wa mbuzi), nywele, maziwa, vijifupa vitatu vya sikio, mabawa. Halafu jaribu miti. Ukimweka popo na kuku pamoja kwa sababu ya mabawa, itabidi useme nywele zilizuka mara mbili, maziwa mara mbili, vijifupa vya sikio mara mbili. Ukimweka na mbuzi, ni mabawa tu ndo yalizuka mara mbili. Chukua mti wenye mabadiliko machache. Ukitaka kuthibitisha tazama bawa lenyewe, la popo limetandazwa juu ya vidole vinne virefu, la kuku vidole vimepunguzwa na kazi yafanywa na manyoya.

HATUA YA 6: Linganisha na fosili (mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika maweni) na DNA (maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli). Zikikubaliana na mti wako, sawa. Zikikataa, rudi kwa jedwali.

MASWALI YA WANACHAMA

Binti wa Majengo: Maalim, nyoka hana miguu, kwa jedwali namuweka wapi?
Jibu: Na wenye miguu minne dada. Kupoteza kitu si sawa na kutowahi kuwa nacho. Chatu bado ana kucha mbili ndogo karibu na mkia na masalio ya nyonga ndani, na pomboo pia ana vijifupa vya nyonga vinavyoelea kwa nyama bila kushika mguu.

Mvuvi wa Likoni: Nguva naye? Mkia wake na wa pomboo ni mmoja.
Jibu: Kaka, huo ni mkia wa kazi, si wa ukoo. Nguva jamaa zake ni ndovu na pimbi. Tazama chuchu, ziko kwapani, za ndovu ziko kifuani katikati ya miguu ya mbele, na nguva dume huota pembe ambazo ni meno ya mbele kama za ndovu. DNA imewaongezea na sange, yule mdogo mwenye pua ndefu wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Sange ni mfano wa mnyama ambaye kwa sura pekee usingemdhania.

Kijana wa Kisauni: Kama DNA iko mifupa ya nini tena?
Jibu: DNA huoza. Ya kale zaidi kusomwa ni ya Greenland, kama miaka milioni 2, iliyotangazwa 2022. Tiktaalik, samaki mwenye kifundo ndani ya pezi aliyechimbuliwa Kanada 2004, ana miaka kama milioni 375. Huyo utamsoma kwa nini kama si mifupa?

Abuu: Sasa shekhe hii si itatuharibia imani?
Jibu: Hilo la imani muulize mwenye elimu ya dini akujibu vizuri. Hapa mimi nafundisha kusoma mifupa.

Mvuvi wa Likoni: Na yule samaki wa zamani aliyenaswa Malindi, ndo babu yetu?
Jibu: Silakanti, 2001. Wa kwanza kutambuliwa ni wa Afrika Kusini, 1938. Pezi lake lashikwa na mfupa mmoja kama bega lako, tofauti na changu. Lakini si babu, ni binamu, na kamongo wa kule Kisumu yuko karibu nasi kuliko yeye.

Mama Swafiya: Nimechemsha wa broila, ncha za mifupa zote zimeyeyuka!
Jibu: Mama, broila huchinjwa mdogo, ncha bado ni gegedu. Tafuta kuku wa kienyeji aliyekomaa, na tafadhali usiisafishe mifupa kwa jiki, itakuwa unga.